Kurekebisha Mikwaruzo Midogo ya Rangi kwenye Gari Jipya Ukiwa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari langu ni jipya kabisa na tayari nimeona mkwaruzo. Nianze na nini?

Anza kwa kuliosha. Watu wengi hukimbilia kusugua mahali penye alama kwa kidole, kwa shati au kwa kitambaa kilichokuwa karibu, na kwa kufanya hivyo huburuta vumbi na mchanga juu ya rangi, kiasi kwamba mkwaruzo mmoja huzungukwa na mingine midogo ishirini ambayo haikuwapo. Osha sehemu hiyo kwa maji mengi na shampuu ya gari, suuza, kausha kwa kitambaa laini kwa kukandamiza badala ya kusugua, kisha lisogeze gari kivulini na uitazame alama hiyo kutoka pande mbalimbali. Alama ambayo jana jioni ilionekana kama jeraha kubwa mara nyingi hugeuka kuwa mstari mdogo, na wakati mwingine huondoka yote pamoja na uchafu.

Baada ya hapo usifanye lolote mpaka umejua kina chake. Kila kosa kubwa nililowahi kuliona katika kazi hii, pamoja na makosa yangu mwenyewe, lilitokana na mtu kuchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Rangi ya gari imejengwaje, na kwa nini nihitaji kulijua hilo?

Kwa sababu kile unachokiita rangi si kitu kimoja. Juu ya bati kuna tabaka la kwanza la kuzuia kutu, ambalo kiwandani huwekwa kwa kuzamisha bodi nzima ndani ya beseni na kupitisha umeme ili dawa ishike hata kwenye pembe zilizojificha. Juu yake huja praima, inayosawazisha uso na kuipa rangi mahali pa kushika. Kisha ndipo huja rangi yenyewe, yaani nyekundu, nyeusi au bluu unayoiona. Mwisho kabisa huja klia, tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa na ndilo linalopokea jua, mvua, vinyesi vya ndege na kucha za watu.

Tabaka hizi zote kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150, na maikroni 1000 ndizo zinazofanya milimita 1. Kwa maneno mengine, rangi yote ya gari lako, kuanzia bati hadi mng'ao, inakaribia unene wa karatasi moja ya kuandikia. Klia peke yake huwa na maikroni 35 hadi 50 hivi, chini ya nusu ya karatasi hiyo. Ukiikunja karatasi kati ya vidole viwili na kuuhisi unene wake, utaelewa vizuri zaidi kuliko kwa maelezo yoyote kwa nini ninasisitiza kwamba klia ni akiba isiyojazwa tena. Kila unapong'arisha kwa kampaundi, yaani dawa yenye chembe za kusugua iliyo kali kuliko polishi, unachukua kidogo kutoka kwenye akiba hiyo, na wahenga walikwisha kusema kwamba kuchovya chovya humaliza buyu la asali.

Nitajuaje mkwaruzo umefika tabaka gani?

Kuna vipimo vitatu ambavyo havihitaji kifaa chochote, na ninapendekeza uvifanye vyote kwa mpangilio huu.

Kipimo cha kwanza ni cha maji. Lowesha kidole, pitisha maji juu ya mkwaruzo, kisha tazama. Mstari mweupe ukitoweka kabisa ukiwa na maji na kurudi pole pole yanapokauka, basi umo ndani ya klia tu. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: kingo za mkwaruzo huutawanya mwanga huku na huku, nalo jicho huona weupe, maji yanapoujaza ule mfereji, mwanga hupita tena kwa unyoofu na rangi ya chini huonekana kama kawaida. Hii ndiyo sababu mkwaruzo juu ya gari jeusi huonekana mweupe hata pale ambapo rangi nyeusi haijaguswa.

Kipimo cha pili ni cha ukucha. Pitisha ukucha taratibu, bila kukandamiza, ukiukata mkwaruzo kwa upana wake. Ukucha ukiteleza bila kukwama, kuna matumaini makubwa ya kuuondoa kwa polishi. Ukikwama kidogo, mkwaruzo ni wa kina cha kati, na huenda ukapungua bila kwisha. Ukikwama kabisa kama unaoingia kwenye ufa, usifikirie kuung'arisha mpaka upotee, kwa kuwa ili kuusawazisha itabidi uishushe klia yote ya pembeni hadi kwenye kina hicho.

Kipimo cha tatu ni macho. Kwa mwanga wa kurunzi ulioelekezwa kwa mshazari, tazama ndani ya mfereji. Ukiona rangi ileile ya gari, bado uko juu. Ukiona kijivu, cheupe au rangi nyingine isiyo ya gari, umefika kwenye praima. Ukiona kitu kinachometameta kama fedha, hilo ni bati lenyewe, na hapo hesabu inabadilika, kama nitakavyoeleza mbele.

Gari langu limegusana na ukuta na kuna mstari mnene wa rangi ngeni. Huo nao ni mkwaruzo?

Mara nyingi sivyo, angalau si wote. Kitu kilichogusana na gari huacha sehemu ya rangi yake juu ya klia, nayo huonekana ya kutisha kuliko uharibifu wenyewe. Gusa mstari huo kwa kidole: ukihisi umeinuka juu ya uso badala ya kuzama ndani, ni rangi ngeni iliyobandikana. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa dawa ya kuondolea lami au kwa spiriti ya kusafishia, kiweke juu ya alama kwa muda mfupi ili kilainishe, kisha futa taratibu kuelekea upande mmoja. Ikibaki kidogo, malizia kwa polishi laini. Nimeshuhudia mlango uliokuwa na mstari mweupe wa urefu wa mkono mzima ukibaki, baada ya dakika kumi za kazi hii, na mikwaruzo miwili tu myembamba kama unywele.

Nimesikia kwamba rangi ya gari jipya bado ni mbichi na haipaswi kuguswa kwa miezi kadhaa. Ni kweli?

Si kweli kwa rangi ya kiwandani. Bodi hupitishwa kwenye tanuri lenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi kabla ya kufungwa injini, viti na plastiki, kwa hiyo gari linapokufikia rangi yake imekwisha kukomaa. Tahadhari hiyo ni ya kweli kwa gari lililopigwa rangi upya gereji, kwa kuwa huko haiwezekani kulitia gari zima kwenye joto la namna hiyo, na rangi huendelea kutoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa.

Je, dhamana ya gari jipya italipia mkwaruzo? Na nikiurekebisha mwenyewe, nitaipoteza?

Dhamana ya rangi kwa kawaida hulipia kasoro za kiwandani, kama vile rangi inayobabuka yenyewe au kutu inayotokea ndani kwenda nje, na hailipii mkwaruzo uliosababishwa na ufunguo, jiwe au tawi. Hata hivyo, soma kijitabu cha dhamana kabla ya kushika msasa, kwa kuwa kazi mbovu ya nyumbani inaweza kuleta ubishi siku utakapodai sehemu hiyohiyo. Kama mkwaruzo ulikuwapo siku unalipokea gari, usiuguse kabisa: upige picha, uandikishe, na umwachie aliyekuuzia. Vilevile kwa gari la mkopo au la kukodi la muda mrefu, hakikisha kwanza mkataba unasema nini.

Ni vifaa gani ninavyohitaji?

Kwa mkwaruzo ulio ndani ya klia unahitaji vitu vichache: ndoo mbili, shampuu ya gari, vitambaa safi vya maikrofaiba visivyopungua sita, sponji ndogo ya kung'arishia, polishi laini, kampaundi ya kati, spiriti ya isopropili na nta. Kwa mkwaruzo uliopita klia ongeza kichupa cha rangi chenye namba ya rangi ya gari lako, klia ya kichupa, praima kidogo, vijiti vya meno, tepu ya karatasi, na msasa wa maji wa namba 2000, 2500 na 3000 (namba ikiwa kubwa zaidi, msasa ni laini zaidi).

Juu ya vitambaa nitasema neno moja zaidi, kwa kuwa hupuuzwa. Kitambaa kilichoanguka chini, hata kwa nukta moja, kiweke kando mpaka kifuliwe. Punje moja ya mchanga iliyonaswa kwenye nyuzi inatosha kuharibu kazi ya saa nzima, na huwezi kuiona.

Mkwaruzo uliomo ndani ya klia nauondoaje kwa mkono?

Hakikisha bodi ni safi, kavu na baridi kwa kuigusa; ukiiona ina joto, subiri. Kaza tepu ya karatasi kuzunguka eneo dogo, tuseme upana wa viganja viwili, ili mkono usitangetange. Weka matone mawili au matatu ya polishi laini kwenye sponji, ieneze kwanza bila kusugua, kisha sugua kwa shinikizo la wastani, kwa mizunguko midogo inayopishana, kwa dakika moja hadi mbili. Futa mabaki kwa kitambaa safi na utazame.

Anza daima na dawa iliyo laini kuliko zote. Polishi laini ikishindwa baada ya mizunguko mitatu, ndipo uende kwenye kampaundi, na baada ya kampaundi urudi tena kwenye polishi ili uondoe ukungu iliouacha. Anayeanza na kampaundi kali hupata matokeo ya haraka, lakini huwa ametumia klia nyingi kuliko ilivyohitajika, na hawezi kuirudisha.

Kisha pangusa eneo hilo kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayosema ukweli. Polishi nyingi zina mafuta yanayoujaza mkwaruzo kama yale maji ya kipimo cha kwanza, kwa hiyo huonekana umepotea, na baada ya kuosha gari mara mbili tatu hurudi palepale. Ukipangusa kwa spiriti na usiuone, basi umeondoka kweli.

Ukibaki mstari hafifu unaoonekana tu ukiinama na kuutafuta, ushauri wangu ni kuuacha. Najua inavyouma kuuacha juu ya gari jipya, lakini klia iliyobaki chini yake ina thamani kuliko ule mstari.

Nawezaje kutumia msasa bila kuharibu rangi?

Kwa kuutumia mara chache sana. Msasa wa maji huondoa klia kwa kasi kuliko kampaundi yoyote, na mtu asiyeuzoea hajui amefika wapi mpaka maji anayofuta yanapobadilika kuwa na rangi ya gari, ambapo klia imekwisha kuisha. Kama ni lazima, loweka msasa wa namba 3000 kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika kama kumi na tano, uzungushie kipande kidogo cha mpira mgumu ili shinikizo liwe sawa, na upitishe mara chache, tano au sita, ukifuta na kutazama kila baada ya hapo. Usiuguse kamwe ukingo wa mlango, mkunjo wa boneti au mstari wowote uliochomoza wa bodi. Mahali hapo rangi huwa nyembamba zaidi, na shinikizo lote la mkono huangukia kwenye upana wa uzi.

Mimi mwenyewe nililijifunza hili kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Nilikuwa nasugua kwa kampaundi tu, wala si kwa msasa, na nilipofuta nikaona mstari mwembamba wa kijivu umejitokeza juu ya mkunjo, hapo ambapo kabla yake hapakuwa na mkwaruzo wowote. Tangu siku ile mikunjo yote naifunika kwa tepu kabla ya kufungua chupa.

Mashine ya kung'arishia inafaa kwa mtu anayeanza?

Ile ambayo kichwa chake huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja inafaa, kwa kuwa haikusanyi joto jingi mahali pamoja. Ile ya mzunguko mmoja wa moja kwa moja mwachie fundi. Ikisimama mahali pamoja kwa sekunde chache huweza kuichoma klia. Kwa mkwaruzo mmoja, mkono unatosha.

Dawa ya meno, mafuta ya kulainishia vyuma na mbinu nyingine za mitandaoni je?

Dawa ya meno ina chembe za kusugua, kwa hiyo si uongo kwamba inaweza kupunguza mkwaruzo hafifu sana. Tatizo ni kwamba chembe hizo zilipimwa kwa ajili ya meno, hazilainiki zinaposuguliwa kama zilivyo nyingi za polishi za gari, na hujui ukali wake. Mafuta ya kulainishia vyuma hayarekebishi kitu. Hujaza tu mfereji na kuuficha kwa siku chache, na ukija kutaka kupaka rangi baadaye, mabaki yake huifanya rangi isishike.

Mkwaruzo umepita klia na kufika kwenye rangi au praima. Naujazaje?

Hapo kazi hubadilika: badala ya kuondoa, sasa unaongeza. Ni kazi ya subira kuliko ya ustadi, na ninaieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mtu mwangalifu anaweza kufanya jambo la kuridhisha kweli.

Chagua siku kavu, isiyo na upepo, yenye joto la wastani, kati ya nyuzi 15 na 25 hivi. Safisha mfereji kwa spiriti na usubiri ukauke. Tikisa kichupa cha rangi kwa dakika mbili kamili, hasa kama rangi yako ina vumbi la metali, kwa kuwa vumbi hilo hutulia chini na bila kulichanganya utapaka rangi nyingine kabisa. Usitumie brashi iliyo kwenye kifuniko. Upana wake ni mara kadhaa ya mkwaruzo, nayo huacha utepe unaoonekana kutoka mbali. Tumia kijiti cha meno.

Chovya ncha ya kijiti na uitazame. Tone likining'inia, ni kubwa mno. Ligusishe kwenye kipande cha karatasi mpaka kwenye ncha ibaki unyevu tu. Kisha gusa mwanzo wa mfereji, usichore. Utaona rangi ikiondoka yenyewe kwenye kijiti na kutambaa ndani ya mfereji kama maji yanavyofuata ufa wa udongo. Sogea milimita chache, gusa tena. Kazi ya namna hii hujaza mkwaruzo bila kuchafua kingo zake.

Tabaka la kwanza likikauka litazama chini, kwa kuwa thina iliyomo huondoka na kuacha rangi tupu. Hiyo si kasoro. Subiri kiasi cha nusu saa hadi saa moja, au kadiri kichupa kinavyoelekeza, kisha rudia. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene, ambayo hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Iache rangi ikome chini kidogo ya uso wa gari, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya klia. Klia nayo uiweke kwa njia ileile mpaka iinuke kidogo sana juu ya uso.

Sasa ondoka. Usiiguse kwa siku moja kwa uchache, na mimi husubiri wiki nzima. Baada ya hapo kuinuka huko kunaweza kushushwa kwa msasa wa namba 2500 kisha 3000 uliobandikwa kwenye kipande kidogo sana, kama kifutio cha penseli, ili uguse kile kilichoinuka pekee, na kumalizia kwa polishi. Kama mkono wako hauna uhakika, acha kama ilivyo. Mstari uliojazwa vizuri, hata ukiwa umeinuka kidogo, huonekana tu na mtu anayeutafuta, na bodi iko salama.

Nimekosea na rangi imemwagika pembeni. Nifanye nini?

Ikiwa bado mbichi, ifute mara moja kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti na uanze upya. Rangi ya kiwandani iliyokaangwa kwenye tanuri huvumilia mguso mfupi wa spiriti, ilhali rangi mbichi ya kichupa hutoka. Hiyo ndiyo faida ya kufanya majaribio madogo: hakuna tone lisiloweza kufutwa ndani ya dakika ya kwanza. Thina kali iepuke, hasa kwenye plastiki.

Namba ya rangi ya gari naipata wapi?

Imeandikwa kwenye kibandiko au kibati kilichopo, kutegemea aina ya gari, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya boneti, kwenye sehemu ya mizigo au karibu na tairi la akiba. Huwa ni herufi na tarakimu chache, na mara nyingi iko karibu na neno lenye maana ya rangi. Usinunue rangi kwa kutazama tu kwamba ni nyeupe au ni fedha, kwa kuwa mtengenezaji mmoja anaweza kuwa na nyeupe kadhaa zisizofanana.

Nimetumia namba sahihi na bado rangi inaonekana tofauti. Kwa nini?

Rangi za metali na za lulu zina vipande vidogo vinavyoakisi mwanga, na jinsi vinavyolala hutegemea namna ya kupaka. Kiwandani hupulizwa kwa bomba na kulala kwa mpangilio mmoja. Kwenye kijiti hulala ovyo, na hivyo huonekana vyeusi zaidi ukitazama kutoka upande fulani. Rangi nyingi za lulu, hasa nyeupe, zina hata tabaka la ziada kati ya rangi na klia, kwa hiyo huuzwa kwa vichupa viwili vya rangi pamoja na cha klia. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki nyeupe, kisha kishike karibu na gari juani na kivulini. Rangi tupu zisizo na metali, kama nyeusi ya kawaida, ndizo zinazosamehe kuliko zote.

Naona bati. Nina muda gani kabla ya kutu?

Lichukulie kama jambo la leo au kesho. Magari mengi ya sasa yana bati lililopakwa zinki, ambayo huchelewesha kutu, lakini mkwaruzo mkali unaweza kuipita zinki yenyewe, na kwenye hewa yenye unyevu au chumvi bati tupu huanza kubadilika rangi mapema sana. Kama huna rangi bado, safisha, kausha kabisa na ufunike kwa kipande cha tepu isiyopitisha maji kwa siku moja au mbili, si zaidi, kwa kuwa unyevu ulionaswa chini yake ni mbaya kuliko hewa.

Ukiwa tayari, gusa bati kwa tone la praima ya kuzuia kutu kabla ya rangi. Kama wekundu umekwisha kuanza, usiufunike; ukwangue kwa ncha ya karatasi ya msasa iliyokunjwa mpaka uone bati safi, kwa sababu kutu iliyozikwa chini ya rangi huendelea kula bila kuonekana mpaka rangi ivimbe. Sehemu za alumini hazipati kutu nyekundu, ila huota unga mweupe unaoinua rangi kwa namna ileile, kwa hiyo nazo zisiachwe wazi.

Bampa ya plastiki inashughulikiwa vivyo hivyo?

Karibu sawa, isipokuwa haina kutu, kwa hiyo huna haraka. Plastiki tupu huhitaji praima yake maalumu, la sivyo rangi hubanduka kama ganda. Angalia pia kama nyuma ya bampa kuna rada ya usalama, kwa kuwa puti au rangi nene mbele yake inaweza kuvuruga mawimbi. Kijitabu cha gari huonyesha mahali ilipo.

Gari langu lina rangi isiyong'aa. Naweza kuipiga polishi?

Hapana, hata kidogo. Uso wake umefanywa usiwe laini kwa makusudi, na ukiusugua utapata doa linalong'aa ambalo haliwezi kurudishwa ila kwa kupiga rangi upya sehemu nzima. Osha tu, na mikwaruzo yake mpelekee fundi.

Na kama lina koti la keramiki (dawa ya maji inayopakwa juu ya klia na kukauka kuwa ngao ngumu) au filamu ya kulinda rangi?

Kampaundi huondoa keramiki pale ulipopita, kwa hiyo utahitaji kuirudishia eneo hilo. Filamu ni jambo jingine: filamu nyingi za sasa hujirudi zenyewe zikipata joto la jua au maji ya moto, na mkwaruzo hafifu hutoweka bila kuguswa. Zipo hata klia zenyewe zenye tabia hiyo. Nissan ilitangaza ya kwake mwaka 2005. Kwa hiyo jaribu maji ya moto ya wastani kwanza kabla ya kusugua chochote.

Kuna hatari gani kiafya?

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto, na vaa glavu. Klia za kopo za kupuliza zenye kigumushi ndani yake ni suala zito zaidi, kwa kuwa nyingi zina isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Zinahitaji kinga ya kupumulia ya kitaalamu, na maski ya kitambaa haisaidii. Kwa maoni yangu hazina nafasi nyumbani kwa mkwaruzo mdogo.

Baada ya kazi, niliache gari kwa muda gani kabla ya kuliosha na kulipaka nta?

Mahali palipong'arishwa tu panaweza kupakwa nta siku hiyohiyo. Mahali palipojazwa rangi usipaoshe kwa wiki moja, na nta iache kwa siku 30 ili thina iliyobaki itoke.

Wakati gani nimwachie fundi?

Mkwaruzo ukiwa mrefu kuliko kiganja na umefika kwenye praima. Bati likiwa limebonyea. Rangi ikiwa inabanduka kingoni. Mkwaruzo ukiwa katikati ya boneti au mlango ambapo jicho hukaa. Au rangi ikiwa ya lulu na wewe hujawahi kushika kijiti. Lakini usimwendee fundi bila kuuliza atafanya nini. Fundi mzuri atataka naye kuona kina kwanza, na wengine wana kipima unene wa rangi ambacho huwaambia jumla ya maikroni zilizobaki juu ya bati. Anayetaka kupiga rangi mlango mzima kwa mkwaruzo ambao maji huufuta, mwambie asubiri, kwa kuwa rangi ya kiwandani uliyo nayo ni bora kuliko nyingi atakazoweza kuiwekea mahali pake.

Ile mikwaruzo midogo ndani ya shimo la kishikio cha mlango hutoka wapi, na naizuiaje?

Ni kucha, pete na funguo zilizoshikwa mkononi wakati wa kufungua mlango, na kwenye gari jeusi huonekana ndani ya wiki za kwanza. Kwa bahati iko karibu yote ndani ya klia, na kidole kilichozungushiwa kitambaa chenye tone la polishi huifikia vizuri kuliko sponji. Baada ya kuisafisha, bandika kipande cha filamu angavu kilichokatwa kwa umbo la shimo hilo. Ni kazi ya dakika tano kwa kila mlango, na kucha zitakuwa zinagusa filamu badala ya klia.

Mikwaruzo mingine ya duara inayojaa bodi nzima na kuonekana chini ya taa hutokana na uoshaji. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila baada ya sehemu moja, osha kuanzia juu kwenda chini, na usikaushe kwa kitambaa kilichotumika kwenye rimu.